Asili ya Mchoro wa Isometriki na Jina Lake katika Kiswahili

Makusudi ya makala haya ni kueleza namna mchoro wa isometriki ulivyozaliwa, kuonyesha misingi yake kwa mtu asiyeujua, na kuuliza ni kwa neno gani Kiswahili kiuite. Huenda msomaji akastaajabu kuona habari za rula na bikari katika kurasa zilizozoea habari za ngeli na za mashairi. Lakini jambo lenyewe si geni kwetu kama linavyodhaniwa. Mchoro huu ulianzishwa na mwalimu aliyetaka kumweleza msaidizi wake jambo bila ya yeye mwenyewe kuwapo, na hiyo ndiyo kazi ya maandishi yote. Kwa hiyo mwanafunzi wa lugha ana haki ya kuutazama.

Mimi mwenyewe nilifundishwa mchoro huu nilipokuwa kijana wa sekondari, kabla sijaingia katika taaluma ya lugha. Mwalimu alisimama ubaoni akatuambia tusimamishe mstari mmoja wima, kisha tutoe mistari miwili, mmoja kulia na mmoja kushoto, kila mmoja upande kwa nyuzi 30. Tukafanya. Aliyepandisha kwa nyuzi 35 alikosa. Hakuna aliyeuliza kwa nini zisiwe 35 au 40, wala mwalimu hakusema. Tuliichukua sheria ile kama mtu achukuavyo mwiko wa ukoo, anaoufuata asijue uliwekwa na nani wala kwa sababu gani. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa ng'ambo nikitafuta shahada ya udaktari, nilikutana katika maktaba na maandishi ya mtu aliyeieleza njia hii kwa mara ya kwanza kwa utaratibu kamili. Nikaona ya kuwa kila sheria niliyoikariri ilikuwa na sababu yake, na ya kuwa sababu hizo si ngumu. Mtoto mwenye dadu mkononi aweza kuzifahamu.

Kwanza yafaa tukumbuke ya kuwa si kila kazi ya ufundi huhitaji mchoro. Fundi wa majahazi wa Lamu au wa Unguja kwa muda wa karne nyingi aliunda chombo pasipo karatasi. Vipimo vyake vilikuwa katika mwili wake: wanda, shibiri, dhiraa na pima, shibiri mbili ni dhiraa moja, na dhiraa nne ni pima moja. Umbo la chombo lilikuwa katika jicho lake, na mwanafunzi wake alilipata kwa kukaa naye miaka, akishika ubao na kusikia neno. Ufundi wa namna hii haukosi kitu. Aliyeufikiri mkuku na aliyeulaza ni mtu mmoja, au ni watu wawili wanaosimama pamoja juu ya mchanga mmoja, na penye shaka mmoja humwuliza mwenziwe. Haja ya mchoro huingia pale anayefikiri na anayetenda wanapotengana, mmoja akawa hapa na mwingine kule, au mmoja akawa leo na mwingine kesho. Hapo kiungo cha kati chatakiwa, nacho yapasa kieleweke peke yake.

Wazungu walipofika katika hali hiyo walikuwa na njia mbili. Njia ya kwanza ni ile ya wachoraji wa picha, ambayo twaweza kuiita mchoro wa mtazamo. Kanuni zake zilifanyiwa majaribio mjini Florence mwanzoni mwa karne ya 15, na Leon Battista Alberti akaziandika katika mwaka 1435. Katika njia hii, kilicho mbali huchorwa kidogo, na mistari iliyo sambamba hukaribiana hata ikakutana, kama njia ya reli inavyoonekana kwa mtu aliyesimama katikati yake. Jicho hufurahi, kwa kuwa huona kama lilivyozoea kuona. Lakini fundi hapati kipimo, maana dirisha la karibu na dirisha la mbali, ambayo kwa kweli ni sawa, katika picha yana urefu mbalimbali. Alberti mwenyewe alilijua jambo hili. Katika kitabu chake cha ujenzi, kilichopigwa chapa mwaka 1485, alitenga mchoro wa mpaka rangi na mchoro wa mjenzi, akasema ya kuwa mjenzi aiache hila ya kivuli na umbali, na ashike vipimo vya kweli.

Njia ya pili ni kukitazama kitu mara kadhaa, kila mara kwa upande mmoja tu: sura ya juu, sura ya mbele, na sura ya ubavuni. Njia hii ni ya kale, lakini aliyeifanya kuwa elimu yenye kanuni ni Gaspard Monge, mwanahisabati Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1746. Aliibuni alipokuwa katika shule ya wahandisi wa jeshi ya Mézières, ambako kazi ilikuwa kupima ngome na kuta zake. Wakubwa wa jeshi waliithamini hata wakaifanya siri, wala haikufundishwa hadharani mpaka Monge alipoieleza mjini Paris mwaka 1795. Kitabu chake kikatoka mwaka 1799. Katika njia ya Monge hakuna kipimo kinachopotea. Lakini kuna taabu moja. Msomaji hupewa sura tatu zilizotengana, naye yampasa aziunganishe ndani ya kichwa chake ziwe kitu kimoja. Mzoefu hufanya hivyo bila taabu. Asiyezoea huona mistari tu. Ni kama mtu aliyepewa mzizi, kiambishi cha mwanzo na kiambishi cha mwisho katika karatasi tatu, akaambiwa asome neno.

Basi wanafunzi wa ufundi walikuwa kati ya mambo mawili: picha inayofahamika lakini haipimiki, na ramani inayopimika lakini haifahamiki upesi. Aliyewatoa hapo alikuwa William Farish wa Chuo Kikuu cha Cambridge.

Farish alizaliwa mwaka 1759 huko kaskazini mwa Uingereza, akasoma katika Chuo cha Magdalene, na mwaka 1778 akashika nafasi ya kwanza katika mtihani wa hisabati wa Cambridge. Alikuwa padre wa Kanisa la Kianglikana. Mwaka 1794 alifanywa Profesa wa Kemia, na mwaka 1813 akapewa kiti cha uprofesa wa elimu ya maumbile kiitwacho Jacksonian. Pamoja na hayo yote, sifa yake kubwa miongoni mwa wanafunzi ilitoka katika mihadhara yake juu ya sanaa na viwanda. Uingereza ilikuwa imejaa mashine mpya za kusokota nyuzi, za kusaga, za kuvuta maji na za kufua chuma, na vijana waliosoma Kilatini na hisabati hawakujua zinavyofanya kazi. Farish aliwaonyesha mashine hizo darasani, kwa mifano iliyojongea.

Hapa ndipo shida ilipoanza. Mifano ya mashine zote isingeweza kutunzwa ikiwa kamili. Ingalijaza nyumba nzima. Kwa hiyo Farish alijitengenezea seti ya vipande: magurudumu ya shaba yenye meno yaliyooana yote, ekseli za urefu mbalimbali, fito, vibanio na vinginevyo. Kwa vipande hivyo aliweza kuunda mashine ya leo, na mhadhara ukiisha akaivunja, akaunda ya kesho kwa vipande vile vile. Mwanaisimu atatambua hapa jambo analolijua: sauti chache na viambishi vichache vyatosha kuunda maneno yasiyohesabika. Lakini neno likiisha kutamkwa halipo tena, na mashine ya Farish ikiisha kuvunjwa haikuwapo tena. Waliounda upya walikuwa wasaidizi wake, na yeye hakuweza kuwasimamia kila saa. Akahitaji kitu cha karatasi kitakachowaonyesha gurudumu gani lishikane na gurudumu gani, juu ya ekseli ya urefu gani, na kwa upande upi. Mchoro wa mtazamo haukufaa, kwa kuwa hauna vipimo. Michoro ya sura tatu haikufaa, kwa kuwa ilidai msomaji aliyefunzwa. Ndipo akaishika njia ya tatu.

Mapema mwaka 1820 Farish alisoma maelezo ya njia hiyo mbele ya Chama cha Falsafa cha Cambridge, kilichokuwa kimeanzishwa mwaka 1819, naye ndiye rais wake wa kwanza. Maelezo yake yalipigwa chapa mwaka 1822 katika juzuu ya kwanza ya jarida la chama. Njia yenyewe aliipa jina kutoka maneno mawili ya Kiyunani, *isos*, yaani sawa, na *metron*, yaani kipimo. Hakusema ya kuwa hakuna mtu duniani aliyewahi kuchora hivyo. Mistari sambamba isiyokutana yaonekana katika picha za kale za Wachina, na katika michoro ya ngome za Ulaya. Jambo alilolifanya ni kuonyesha kwa hisabati kwa nini njia hii hupimika, na kanuni zake ni zipi.

Kanuni hizo nitazieleza kwa ufupi. Twaa mchemraba, mfano wa dadu. Ushike mbele ya jicho moja, ukiwa umeelekeza kwako kona mojawapo, hata kona iliyo mkabala nayo kwa nyuma ifichike barabara nyuma ya hiyo ya mbele. Sasa tazama kingo tatu zinazotoka katika kona ya mbele. Kila moja imelala kuelekea nyuma kwa kiasi kile kile kama wenziwe, hakuna iliyopendelewa. Kwa kuwa hakuna iliyopendelewa, zitaonekana zimeligawa duara zima katika sehemu tatu zilizo sawa, na nyuzi 360 zikigawanywa kwa 3 ni 120. Ukiugeuza mchemraba hata ukingo mmoja ukawa wima kwenda chini, zile kingo mbili nyingine zitapanda moja kulia na moja kushoto. Toka ukingo wa wima hata ukingo wa kulia ni nyuzi 120. Toka mstari wa wima hata mstari wa ulalo ni nyuzi 90. Zinazobaki ni 30. Hiyo ndiyo asili ya nyuzi 30 ambazo mwanafunzi huambiwa azikariri. Hazikuamriwa na mtu. Zimezaliwa na uamuzi mmoja tu, wa kutopendelea upande wowote wa mchemraba.

Kwa kuwa kingo zimelala kuelekea nyuma, kila moja yaonekana fupi kuliko ilivyo: ukingo wa kweli wa sehemu 100 waonekana kama wenye sehemu 82 hivi. Lakini kingo zote tatu zimefupika kwa kadiri moja. Kwa hiyo mchoraji hana haja ya kuushughulikia ufupisho huo. Huchora kila ukingo kwa urefu wake wa kweli, au kwa skeli yoyote aipendayo, na umbo halibadiliki. Mchoro mzima hutokea tu kuwa mkubwa kidogo, kwa kadiri ya sehemu 22 katika 100. Hapa ndipo lilipo tunda la kazi ya Farish. Skeli moja yatumika kwa urefu, kwa upana na kwa kimo. Msaidizi aweza kuweka rula yake juu ya karatasi, katika njia yoyote ya zile tatu, akapata kipimo cha kweli, na papo hapo akaona kitu kizima kama kitu, wala si kama sura tatu zilizotawanyika.

Lakini hapa yapasa mwanafunzi aonywe. Kipimo ni cha kweli katika njia tatu tu, na katika mistari iliyo sambamba nazo. Mstari wowote mwingine hudanganya. Uso wa mchemraba, ambao ni mraba, katika mchoro huu huonekana kama uru wa karata. Mraba una mistari miwili ya mshazari iliyo sawa. Katika uru mmoja umekuwa mrefu na mwingine mfupi, kwa uwiano wa 173 kwa 100 takriban. Anayepima mshazari kwa rula katika mchoro wa isometriki atapata uongo, na kosa litakuwa lake, si la mchoro. Kwa sababu hiyo wanafunzi hufundishwa waanze kila kitu kwa sanduku. Ukitaka kuchora kabari, au paa la nyumba, au chuma chenye mteremko, kwanza lichore sanduku ambalo kitu hicho kingeenea ndani yake. Kisha tafuta ncha za kila mstari ulioinama kwa kwenda katika njia tatu za kweli: hatua kadha kulia, hatua kadha kushoto, hatua kadha juu. Ncha zikiisha kupatikana, ziunganishe. Mstari ulioinama haupimwi, hupatikana.

Duara nalo lina habari yake. Duara lililo juu ya uso wa mchemraba huonekana kama duaradufu. Kwa Farish jambo hili lilikuwa kubwa, kwa kuwa mashine zake zilijaa magurudumu. Lakini kutopendelea kule kulimlipa tena. Kwa kuwa nyuso tatu za mchemraba zimelala kwa kiasi kimoja, duaradufu zote katika nyuso zote tatu ni za umbo moja. Hutofautiana kwa ukubwa na kwa upande zinakoelekea tu. Urefu wake kwa ufupi wake ni 173 kwa 100, ule ule uwiano wa uru. Na mstari wake mrefu siku zote hukata ekseli ya gurudumu kwa pembe mraba. Kwa hiyo mwenye kiolezo kimoja cha duaradufu, cha ukubwa unaotakiwa, aweza kuchora gurudumu lililolala, gurudumu linalotazama kulia na gurudumu linalotazama kushoto, asibadili chochote ila namna ya kukiweka kiolezo. Asiye na kiolezo aweza kuikaribia duaradufu kwa bikari, kwa mapinde manne yenye vitovu vinne, na kwa kazi nyingi za karakana hiyo hutosha.

Njia hii haikukaa Cambridge tu. Mwaka 1833 Joseph Jopling alitoa kitabu cha kuwafundisha watendaji, na mwaka 1834 Thomas Sopwith, mpimaji na mhandisi wa migodi wa kaskazini mwa Uingereza, akatoa chake. Kazi ya Sopwith yaonyesha wazi kwa nini mchoro huu ulipendwa. Mgodi una tabaka juu ya tabaka, na mashimo yanayoshuka na kupita chini ya ardhi. Ramani ya juu peke yake haisemi kina, na picha ya mtazamo haisemi kipimo. Isometriki husema yote mawili. Huko Ujerumani, Julius Weisbach, mwalimu wa chuo cha migodi cha Freiberg, aliiendeleza hisabati yake mwaka 1844. Halafu Karl Pohlke, aliyefundisha uchoraji mjini Berlin, akagundua mwaka 1853 jambo ambalo lilitangazwa mwaka 1860: ya kuwa mistari yoyote mitatu inayotoka katika nukta moja juu ya karatasi, ikiwa haikulala yote katika mstari mmoja, yaweza kuwa taswira ya kingo tatu za mchemraba zikitazamwa kwa miali sambamba. Uthibitisho mwepesi wa jambo hili uliletwa na Hermann Amandus Schwarz mwaka 1864. Maana yake ni kwamba mchoraji ana uhuru mkubwa kuliko alivyofikiri. Aweza kuchagua pembe nyingine na skeli nyingine. Isometriki basi si njia pekee katika jamaa yake. Ni ile ambayo pande zote tatu zimepewa haki sawa, na kwa hiyo ndiyo iliyo nyepesi kufundishwa.

Haifai kuficha udhaifu wake. Mwaka 1832 Louis Albert Necker, mtaalamu wa fuwele kutoka Uswisi, aliandika ya kuwa alipotazama michoro ya fuwele iliyochorwa kwa mistari sambamba, kona iliyokuwa mbele iligeuka ghafla ikawa nyuma, bila ya mstari wowote kubadilika. Kila aliyechora mchemraba kwa mistari mitupu amepata kuliona jambo hilo. Katika isometriki kamili hali ni ngumu zaidi, maana kona ya mbele na kona ya nyuma huangukia nukta moja. Mchoro umeacha alama za umbali ili upate kipimo, na jicho lililonyimwa alama hizo hubahatisha. Dawa yake ni desturi: mistari iliyofichika isichorwe, au ichorwe kwa nukta nukta. Desturi hizo hujifunzwa kama zinavyojifunzwa desturi za maandishi.

Hapa nataka kusema neno juu ya usemi unaosikika sana, ya kuwa mchoro ni lugha ya mhandisi. Kwa maana ya kawaida usemi huu wafaa, lakini mtaalamu wa lugha hawezi kuukubali wote. Mchoro hauna kukanusha. Hauwezi kusema, usikate hapa. Hauna njeo, wala hauna swali. Hauwezi kusema, tulikata jana, au je, nikate? Ndiyo maana pembeni mwa kila mchoro wa karakana huwa na maneno: kipenyo ni kadha, toboa baada ya kuchomelea, rangi isipakwe sehemu hii. Hata katika viwanda vya mafuta, ambako mabomba huchorwa kwa isometriki mpaka leo, mara nyingi urefu katika mchoro haufuati skeli, na vipimo huandikwa kwa tarakimu. Kwa hiyo mchoro na neno ni ndugu wawili wanaosaidiana, na mmoja akiwa kiwete safari ya wote hukawia.

Na huko ndiko kwenye jambo letu. Katika vyuo vikuu vya Tanzania na Kenya elimu ya uhandisi hutolewa kwa Kiingereza. Katika karakana, kazi hufanywa kwa Kiswahili. Mhandisi na fundi wametengana kama Farish na wasaidizi wake walivyotengana, tena wametengana kwa lugha pia. Mchoro wavuka mpaka huo. Maneno yaliyo pembeni mwake hayavuki. Programu za kompyuta sasa hutoa sura ya isometriki kwa kubonyeza kitufe, lakini hazikuondoa haja ya kueleza. Fundi anayeonyeshwa sura nzuri iliyochapishwa, asiambiwe ya kuwa mshazari haupimwi, atapima mshazari, na chuma kitakatwa kifupi.

Je, Kiswahili kina maneno ya kutosha? Nadhani yapo mengi kuliko tunavyokubali. Neno *chora* lenyewe hapo kwanza lilikuwa na maana ya kukata alama kwa ncha kali, kama achoravyo fundi wa milango juu ya mbao. Kutoka kwa chuma juu ya ubao likahamia kwa kalamu juu ya karatasi. *Ramani* kwetu ni ya nchi na ni ya nyumba pia, na mafundi huita hivyo karibu kila mchoro wanaopewa. *Timazi* ni kipimo cha wima ambacho kila mwashi anacho, na *pimamaji* ni kipimo cha ulalo. *Sambamba*, *mshazari*, *mchemraba*, *duaradufu*, *kiolezo*: yote haya yanafahamika au hufahamika upesi. Mstari wa isometriki waweza kuelezwa kwa mwashi hivi: mmoja ushike timazi, na miwili ipande kwa nyuzi 30 kutoka katika pimamaji. Hakuna neno la kigeni katika maelezo hayo.

Linalobaki ni jina la mchoro wenyewe. Twaweza kukopa, tukasema *isometriki*. Neno limekwisha kupata umbo la Kiswahili na wasomi wataelewana kwalo popote. Ubaya wake ni kwamba haliwaambii wasiojua Kiyunani lolote, nalo litakaririwa kama tulivyozikariri zile nyuzi 30. Twaweza kutafsiri neno kwa neno, tukasema *mchoro wa vipimo sawa*. Nimelijaribu jina hili kwa mafundi wawili, na wote wawili walidhani ni mchoro wa kitu ambacho urefu, upana na kimo chake ni sawa, yaani mchemraba. Hawakukosea, jina ndilo lililokosea. Kinachosawazishwa si vipimo vya kitu bali ni skeli ya zile njia tatu. Kwa sababu hii napendekeza *mchoro wa skeli moja*. Neno *skeli* wanalijua wote waliosoma ramani katika shule ya msingi, na *moja* lasema kile alichokitaka Farish: rula moja kwa pande zote. Tena mwalimu akitaka kuieleza michoro mingine ya jamaa hii, ile ambayo Pohlke alituonyesha uhuru wake, aweza kusema mchoro wa skeli mbili au wa skeli tatu, na mwanafunzi atafahamu mara moja tofauti iko wapi. Jina linalozaa majina mengine ni bora kuliko jina lililo tasa.

Sisemi ya kuwa *isometriki* litupwe. Libaki katika vitabu vya kitaalamu, kama yalivyobaki maneno mengi ya asili ya Kiarabu na ya Kiingereza, na *mchoro wa skeli moja* liwe jina la kufundishia na la karakana. Lakini jina peke yake halitoshi. Yatupasa kuzirudisha sababu pamoja na kanuni. Farish hakuitangaza njia yake kwa kuamuru pembe; aliitangaza kwa kueleza jinsi mchemraba unavyoonekana na kwa nini skeli yake ni moja, kisha pembe zikafuata zenyewe. Mwalimu wetu aliye na dadu mfukoni aweza kufanya hivyo hivyo kwa dakika kumi, kwa Kiswahili, na mwanafunzi wake hatasahau, kwa kuwa atakalolisahau aweza kulipata tena kwa kulifikiri.

Nayaweka maoni haya mbele ya wanazuoni wenzangu, na zaidi mbele ya walimu wa ufundi na mafundi wenyewe, ambao ndio watakaosema kama jina hili lachukulika katika kazi. Wakilikataa na kuleta lililo bora, makusudi ya makala haya yatakuwa yametimia vile vile.